Kama sisi tusingetoa hela hii, nini kisingefanyika?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 22 tunaouza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tumeweka akiba kwa miaka sita na mfuko wetu umefika shilingi milioni 31. Kijana mmoja wa benki alikuja kwenye kikao akatueleza habari za hatifungani za kijani, kwamba tutapata riba na papo hapo tutakuwa tunatunza mazingira na kuisaidia jamii. Wenzangu wamefurahi sana. Mimi ziwa naliona kila siku. Naona maji yanavyogeuka kijani, naona mvua inavyotuharibia mzigo. Nataka kujua ukweli: tukiweka hela yetu huko, kuna kitu kitabadilika, au ni jina zuri tu la riba?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu. Watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, wanaosimamia mifuko ya pensheni ya mabilioni ya dola, wengi wao hulipita pembeni. Wewe umeliuliza waziwazi, nami nitakujibu waziwazi. Hela yenu inaweza kubadilisha kitu, na inaweza isibadilishe chochote hata kama karatasi mtakayopewa imeandikwa "kijani" kuanzia juu mpaka chini. Mambo hayo mawili hayatenganishwi na jina la hatifungani, yaani hati ya kuikopesha benki au taasisi kwa muda fulani huku ikiwalipa riba. Yanatenganishwa na jibu la swali moja ambalo nawaomba mliulize kila mnapotaka kutoa fedha: kama sisi tusingetoa hela hii, nini kisingefanyika?

Swali hilo nilijifunzia Igombe, mwalo wa hapa Mwanza, wakati nikiwa afisa mikopo wa benki moja ambayo jina lake nalihifadhi. Miaka hiyo dagaa wa pale mwaloni karibu wote walianikwa mchangani. Unawajua. Giza la mwezi likiingia wavuvi wanalala ziwani na taa zao, alfajiri mitumbwi inarudi, ndoo zinashushwa, akina mama wanamwaga mzigo chini na kuutandaza kwa mikono huku migongo imepinda. Jua likiwaka, jioni wanazoa. Mvua ikishuka saa nane mchana, mzigo umekwisha. Anayebaki kuununua ni mtengeneza chakula cha kuku, kwa bei anayotaka yeye. Hata siku ya jua kali, dagaa wa mchangani hukwaruza meno, na mnunuzi anayepeleka Congo humjua kwa kumtafuna mmoja tu.

Dawa yake mnaifahamu: chanja. Nguzo za miti, juu yake wavu umevutwa ukakaza, usawa wa kiuno. Hewa inapita juu na chini, dagaa anakauka upesi, kuku na mbwa hawamfikii, na wingu likitanda unavuta turubai. Akina mama kumi na mmoja walikuja ofisini kwangu wakiomba mkopo wa kujenga chanja sita. Nikaenda mwaloni, nikapima, nikahesabu, nikaandika ripoti ambayo mpaka leo naiamini. Ikarudi kutoka makao makuu imekataliwa: hakuna hati ya nyumba, biashara ni ya msimu, waombaji hawana historia ya mkopo.

Mwezi uleule tulimkopesha mfanyabiashara mkubwa wa mjini aliyekuwa ananunua majokofu mapya yanayotumia umeme mdogo. Alikuwa na hati nne, na benki nyingine tatu zilikuwa zinamgombea. Mkopo ule ungeweza kuitwa wa kijani bila kumdanganya mtu, maana majokofu yalikuwa mazuri kweli. Lakini tusingempa sisi, kesho yake angepewa na jirani. Hela yetu haikuongeza hata jokofu moja duniani. Wale wa Igombe walipata fedha miezi saba baadaye, kwenye SACCOS ndogo ambayo viongozi wake waliwajua kwa majina na kwa tabia. Niliporudi baada ya mwaka, chanja nne zilikuwa zimesimama. Mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa sababu miti haikupakwa oili chafu kabla ya kuchimbiwa. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza. Wao walikuwa wanauza dagaa wa kula, na majirani zao wanauza chakula cha kuku. SACCOS isingetoa hela ile, chanja zisingekuwepo. Hilo ndilo ninaloliita badiliko, na hakuna mtu aliyewahi kuliwekea neno "endelevu".

Sasa tuje kwenye hatifungani mlizoelezwa. Nadhani kijana aliwatajia ile ya CRDB iitwayo Kijani, iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2023: ya miaka mitano, riba asilimia 10.25 kwa mwaka. Benki ilitafuta shilingi bilioni 40, ikapata bilioni 171.8. Kabla yake, mwaka 2022, NMB walitoa Jasiri kwa ajili ya kukopesha wanawake na biashara zinazowagusa. Walitafuta bilioni 25 wakapata zaidi ya bilioni 74. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba Watanzania wana hamu ya kuweka fedha yao mahali penye maana, na hamu hiyo naiheshimu.

Lakini kuna jambo la kwanza la kujua kabla ya kusaini. Hatifungani ikishatoka, inauzwa na kununuliwa sokoni kati ya mtu na mtu. Mkiinunua leo kupitia dalali, mnamlipa mwekezaji fulani aliyechoka kusubiri; benki haipokei hata senti. Ni kama kununua mtumbwi kwa mvuvi aliyestaafu. Mtumbwi ni wenu na utawavulia, lakini fundi aliyeutengeneza alishalipwa zamani. Mtu atasema kwamba fundi ananufaika kwa njia ya mbali, kwa sababu mitumbwi yake ikiwa na wanunuzi wengi, kesho atauza mpya kwa bei nzuri zaidi. Ni kweli, ila ni kidogo mno. Wachumi wawili, Jonathan Berk na Jules van Binsbergen, walipiga hesabu mwaka 2021 kwa soko la Marekani wakiuliza: watu wote wanaokwepa hisa za kampuni chafu wamezipandishia kampuni hizo gharama ya mtaji, yaani bei ya kupata fedha, kiasi gani? Walipata asilimia 0.0044. Kwa kampuni inayotafuta milioni 100, hiyo ni shilingi 4,400 kwa mwaka. Hakuna mkurugenzi atakayefunga kiwanda kwa shilingi 4,400.

Kwa hiyo kama mnataka hela yenu iende kazini, inunueni hatifungani siku inapotolewa kwa mara ya kwanza, kwenye soko la awali, hela inapoingia moja kwa moja kwa aliyeiomba.

Hata hapo kuna jambo la pili. Benki kubwa ina fedha kutoka kila upande. CRDB wakati inatoa hatifungani ile tayari ilikuwa na mali za zaidi ya trilioni 10. Bilioni 171 zikiingia kwenye mtungi wa namna hiyo, huwezi kuchota kikombe ukasema haya ni maji ya kisima na haya ni ya bomba. Benki inaahidi kwamba kiasi kilichopatikana kitakwenda kwenye miradi ya kijani, na ahadi hiyo ina masharti na mkaguzi wa nje. Lakini swali letu linabaki palepale: miradi hiyo isingekopeshwa kama hatifungani isingekuwepo? Mingine isingekopeshwa. Mingine ingekopeshwa vilevile.

Nayasema haya kwa sababu nilikuwa ndani. Katika benki ileile iliyowakataa akina mama wa Igombe, ilifika siku tukaagizwa tupitie mafaili ya zamani tutafute mikopo inayofanana na ya kijani ili iingizwe kwenye ripoti. Nilikaa wiki nzima kabatini nikichambua. Pampu ya umwagiliaji ya miaka mitatu nyuma, kijani. Paneli za sola za hoteli moja, kijani. Hakuna uongo ulioandikwa, kila mkopo ulikuwa wa kweli. Lakini hakuna hata mmoja uliotokea kwa sababu ya fedha mpya, na aliyesoma ripoti ile kwa mbali aliamini kwamba tumefanya jambo ambalo hatukulifanya. Iliniuma wakati ule na inaniuma bado, kwa sababu nafasi ile ingeweza kwenda Igombe.

Sasa linganisha na Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani yake ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Mamlaka ya maji haina wateja walioweka amana. Ilizoea kusubiri bajeti ya serikali au mfadhili, na bajeti ikichelewa bomba linachelewa. Ile hatifungani ilifungua mlango ambao haukuwepo, na fedha yake ina mahali inapoonekana: bomba, tangi, chujio. Mtu wa Tanga anaweza kwenda kushika kwa mkono. Mkiniuliza kati ya karatasi mbili zote zimeandikwa kijani, ipi ina badiliko kubwa zaidi ndani yake kwa kila shilingi, nitaelekeza kidole kwenye ile ya maji.

Na hapa ndipo maji yako ya kijani yanapoingia. Rangi ile inatokana na mwani, na mwani hulishwa na mbolea za mashambani na majitaka yetu sisi wenyewe. Nyumba za vilimani hapa Mwanza zilijengwa juu ya mawe, shimo la choo halichimbiki kina cha kutosha, mvua ikipiga uchafu unateremka mpaka Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Zilizosaidia ni fedha za mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa pamoja na fedha za serikali yetu. Humo ndimo kilimotoka chanzo cha Butimba cha lita milioni 48 kwa siku, na ile mitandao rahisi ya majitaka yenye mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba za vilimani ambako lori la kunyonya haliwezi kupanda. Ile benki ya Ulaya hupata fedha zake kwa kuuza hatifungani kwa watu na mifuko ya pensheni. Ndiyo iliyotoa hatifungani ya kwanza ya namna hii duniani, mwaka 2007. Basi ukiniuliza kama fedha ya mwekezaji wa mbali imewahi kugusa maisha ya mtu wa Mwanza, nitakuonyesha bomba la mlimani. Siku mamlaka yetu ya maji ya MWAUWASA ikifuata njia ya Tanga, hiyo ndiyo hatifungani nitakayowaambia mnunue kabla ya nyingine yoyote.

Kuna wanaosema njia bora ni kuondoa fedha kwa wabaya. Nimeifuatilia hoja hiyo kwa miaka, na matokeo yake ni madogo kuliko kelele zake. Mfuko wa pensheni wa serikali ya Norway, mkubwa kuliko mifuko yote ya serikali duniani, ulitangaza mwaka 2009 kwamba umeziondoa hisa zake katika Barrick, kampuni ya dhahabu ambayo hapa kwetu ina Bulyanhulu na North Mara. Sababu ilikuwa mgodi wake wa Porgera, Papua New Guinea, uliokuwa unamwaga mabaki mtoni. Hisa zilipata wanunuzi wengine na mgodi ukaendelea. Ulisimama mwaka 2020, na aliyeusimamisha alikuwa serikali ya nchi hiyo, ilipokataa kuongeza muda wa leseni. Kazi ilianza tena baada ya makubaliano mapya, mwishoni mwa 2023.

Mfano wa karibu zaidi ni bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, likipita kwa ndugu zetu wa Kagera na Geita. Mabenki mengi makubwa ya Ulaya na Marekani yalitangaza kwamba hayatalikopesha. Sizungumzii hapa kama bomba lijengwe au lisijengwe. Watu wenye nia njema wanatofautiana. Tazama tu kilichotokea. TotalEnergies yenye asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yenye asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China yenye 8, waliendelea kujenga kwa fedha za mifukoni mwao. Machi 2025 wakatangaza sehemu ya kwanza ya mikopo, kutoka Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda, KCB Uganda na taasisi moja ya fedha ya Kiislamu. Kukataa kwa mabenki yale kulichelewesha mradi, na anayechelewa analipa zaidi. Hakukuusimamisha. Mlango mmoja ukifungwa na mwingine uko wazi, mwenye shida anazunguka tu.

Mlango wenye nguvu zaidi, kwa ushahidi uliopo, ni sauti. Mwaka 2020 watafiti wanne, Julian Kölbel na wenzake, walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu swali hilihili lako, wakakuta kwamba njia yenye ushahidi mzito kuliko nyingine ni mwenye hisa kukaa, kuuliza, kudai na kupiga kura. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa Marekani uitwao Engine No. 1, wenye takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, ulisimamisha wagombea wake kwenye bodi. Mifuko mikubwa ikawaunga mkono na watatu wakaingia. Lakini usidhani kura inamaliza kila kitu. Mwaka 2024 ExxonMobil hiyohiyo ilikamilisha ununuzi wa kampuni nyingine ya mafuta kwa karibu dola bilioni 60. Sauti husogeza jiwe, na jiwe lina uzito wake.

Hili kijana wa benki pengine hakuwaambia: mwenye hatifungani hana kura. Nyie mtakuwa wakopeshaji, na mkopeshaji anasubiri riba yake. Mwenye hisa, hata ya elfu hamsini, ana haki ya kuingia kwenye mkutano mkuu, kushika kipaza sauti na kuuliza: mwaka huu mmekopesha wanawake wangapi wa kanda ya ziwa wasio na hati ya nyumba? Nimewahi kumwona mzee mmoja wa Sengerema akiuliza swali la namna hiyo kwenye mkutano wa wanahisa. Ukumbi ulinyamaza, mwenyekiti alilazimika kujibu, na jibu liliandikwa kwenye kumbukumbu.

Sisi watu wa Mwanza tuna ushahidi wetu wenyewe wa nguvu ya anayeshika fedha, na ni mchungu kidogo. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, kwanza kwa vijidudu, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari za sumu ziwani. Bei ya sangara ilianguka, viwanda vikapunguza watu, wavuvi wakabaki na mitumbwi ufukweni. Lakini baada ya miaka michache viwanda vilikuwa na usafi wa kiwango cha Ulaya, mialo ikapata sakafu na maji safi, na ukaguzi ukasimama, pamoja na maabara ya Nyegezi. Hakuna mwekezaji wa kijani aliyewahi kuvibadilisha viwanda vyetu kwa kasi ile. Ni mnunuzi aliyesema bila hiki sinunui, na hapakuwa na mnunuzi mwingine wa kiasi kile. Sasa angalia alichokidai: usafi wa minofu. Hakudai idadi ya samaki iliyobaki majini. Minofu ikawa safi, na sangara wadogo chini ya sentimita 50 wakaendelea kuvuliwa. Fedha hubadilisha kile inachopima tu.

Ndiyo maana alama za makampuni zinanitia mashaka. Kuna mashirika yanayoyapa makampuni maksi za mazingira, jamii na utawala, na mifuko mingi "endelevu" huchagua hisa kwa maksi hizo. Utafiti wa Florian Berg na wenzake uliochapishwa 2022 ulilinganisha watoa alama sita ukakuta uhusiano wa wastani wa 0.54 tu, wakati 1 ndiyo kukubaliana kabisa; kampuni inayosifiwa na mmoja inaweza kushushwa na mwingine. Na alama nyingi hupima jinsi mazingira yanavyoweza kuiumiza faida ya kampuni, kuliko jinsi kampuni inavyoumiza mazingira. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu wa kawaida anaponunua mfuko wenye jina hilo anadhani amenunua cha pili.

Nisikuache na mashaka matupu. Mwaka 2016 kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, kilipata umeme wa jua kutoka mtambo mdogo wa kampuni ya JUMEME, kwa mtaji wa wawekezaji wa Ulaya pamoja na ruzuku ya Umoja wa Ulaya. Nyaya za TANESCO hazikuwa zimevuka maji. Jibu la swali letu hapa ni rahisi: bila hela ile, mashine za kusaga na majokofu ya Ukara yangeendelea kungoja. Lakini ona pia ruzuku. Bila hiyo hesabu isingekaa, kwa sababu bei ambayo ingemrudishia mwekezaji mtaji wake peke yake ni nzito kwa mvuvi. Baadaye serikali ikataka bei za gridi ndogo zishuke zikaribie za TANESCO, jambo jema kwa mtumiaji na gumu kwa anayetakiwa kuleta mtambo kisiwa kinachofuata. Anayewaambia kwamba mtapata faida kamili ya soko na kuondoa umaskini kwa wakati mmoja, kila mara, bila mtu mwingine kubeba sehemu ya gharama, hajakaa Ukara.

Basi milioni 31 zenu. Mimi ningezigawa hivi, nanyi mtapima kwa hali zenu. Milioni 10 ziwekeni mahali zinapotoka kwa siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kwa ajili ya ugonjwa, msiba, na giza ambalo dagaa hawapandi. Hizo msizihesabu kama za kubadilisha dunia. Milioni 12 zinaweza kwenda kwenye hatifungani, ikiwezekana mpya inapotolewa, na ya mtoaji ambaye kweli alikosa mlango mwingine. Kwa riba kama ile ya 10.25 mtapata shilingi 1,230,000 kwa mwaka kabla ya makato yoyote, na mjue kwamba mkihitaji kuuza kabla ya muda mnunuzi anaweza kuchelewa au kuwapa bei pungufu. Milioni moja nunueni hisa za benki mnayotumia, kwa jina la kikundi, mpate kiti kwenye mkutano mkuu.

Milioni 8 zilizobaki zisiondoke Mwaloni. Usiache mbachao kwa msala upitao. Miongoni mwenu kuna wanaonunua dagaa waliolala mchangani kwa sababu aliyewaanika hana chanja. Wakopesheni hao wa mialoni, kwa riba ndogo, kwa marejesho yanayofuata mwezi na si kalenda ya benki: wanalipa baada ya giza, wakati wa mbalamwezi wanapumzika kama wavuvi wanavyopumzika. Hakuna benki itakayofanya hivyo, hakuna hatifungani itakayofanya hivyo. Nyie mnawajua kwa majina, mnajua nani anarudisha na nani anahama mwalo usiku. Ujuzi huo ndio dhamana ambayo makao makuu hayakuwa nayo siku ile walipolikataa faili la Igombe. Baadhi ya mikopo itapotea. Wekeni kando laki nane mkijua hivyo tangu mwanzo, msije kugombana.

Kijana akirudi kikaoni mpokeeni vizuri, anafanya kazi yake. Mwombeni waraka wa matarajio, yaani kitabu cha maelezo na masharti ya hatifungani, na ripoti ya mwisho inayoonyesha fedha zilikwenda kwenye miradi gani, wilaya gani, na mingapi kati ya hiyo ilianza baada ya hatifungani kutoka. Akiwaletea, isomeni pamoja, wewe katibu ukiwasomea kwa sauti. Asipoleta, mna jibu lenu. Na kuhusu chanja, miti inunuliwe mwezi huu, ipakwe oili sehemu yote itakayoingia ardhini na shubiri mbili juu ya udongo, ianikwe ikauke ndiyo ichimbiwe. Machi haiko mbali.